Manjulika Angesema Lugha Gani Ujiji?

Priyadarshan ni fundi au ni mzee wa kukopi? Kama jina hilo hulijui, usijilaumu. Sisi wapenzi wa filamu za Kihindi tunamjua stering, tunamjua adui, tunamjua hata yule mama anayelia mwanzo hadi mwisho, lakini jina la mwongozaji linapita kwenye skrini wakati bado tunatafuta pa kukaa. Huyu bwana ndiye aliyeongoza Hera Pheri (2000), Hungama (2003), Garam Masala (2005) na Bhool Bhulaiyaa (2007). Kama umewahi kucheka mpaka ukashika mbavu kwa ajili ya Akshay Kumar na Paresh Rawal, inawezekana kabisa kwamba ni yeye aliyekuchekesha.

Tatizo lake ni kwamba filamu zote nne nilizozitaja ni marudio, yaani filamu zilizokwishatengenezwa ambazo zikatengenezwa upya. Priyadarshan ni mtu wa Kerala, kusini mwa India, ambako watu husema Kimalayalam na wana sinema yao wenyewe, mbali na ile ya Mumbai tuliyoizoea. Hera Pheri ilitoka kwenye Ramji Rao Speaking, filamu ya Kimalayalam ya 1989 iliyoongozwa na Siddique na Lal. Hungama ni Poochakkoru Mookkuthi ya 1984, ambayo Priyadarshan aliiongoza mwenyewe. Bhool Bhulaiyaa ni Manichitrathazhu ya mwaka 1993, kazi ya mwongozaji Fazil. Halafu Garam Masala ndiyo kiboko: ni marudio ya Boeing Boeing aliyoitengeneza yeye mwenyewe kwa Kimalayalam mwaka 1985, nayo ilitokana na Boeing Boeing ya Marekani ya 1965, nayo hiyo ya Marekani ilitokana na tamthiliya ya Mfaransa Marc Camoletti ya mwaka 1960. Kichekesho kimoja cha mwanamume mwenye wachumba wengi, wote wahudumu wa ndege, kimesafiri kuliko ndege zenyewe.

Kwa hiyo wanaomlaumu wana ushahidi mkononi. Mimi nasema kwamba kuhesabu marudio ni kipimo kibovu cha kumpimia mwongozaji. Kuna maswali mawili yanayopima vizuri zaidi. Amebadilisha nini ili hadithi iwe ya hawa anaowasimulia sasa? Na je, amesema alikoitoa? Maswali haya yanatuhusu sisi huku kuliko yanavyomhusu yeye, na nitaeleza kwa nini.

Ubishi wenyewe nilikutana nao Ujiji, nilipokuwa nyumbani kwa mazoezi ya kufundisha. Jioni, nikimaliza kusahihisha madaftari, nilikuwa napita Kasingirima kwa binamu yangu mwenye duka la muvi. Si duka kubwa. Kuna kompyuta moja, spika mbili, feni isiyozunguka, na vijana wanaongoja zamu wawekewe muvi kwenye flashi. Siku moja kijana mmoja alikuwa amesoma kwenye simu orodha kama hiyo niliyoitoa hapo juu, na moto ukawaka.

"Dada, wewe ndiye msomi," binamu akaniambia. "Mtu miaka ishirini anatengeneza filamu za wenzake. Huyo ni mwongozaji au ni mtu wa kutoa fotokopi?"

Kabla sijajibu, kijana mwingine, fundi wa injini za boti, akadakia: "Sasa kaka, mama yako kila siku anapika ugali na migebuka. Umewahi kumwambia anajirudia?"

"Ugali wa mama ni wa mama. Huyu anakula kwa jirani, akitoka anapangusa mdomo, anasema kapika mwenyewe."

Watu walicheka, na binamu alikuwa amefunga bao. Lakini hebu angalia mazingira ya ubishi wenyewe. Tulikuwa tunajadili wizi wa hadithi tukiwa tumeshika flashi zenye filamu ambazo hakuna hata mmoja aliyezilipia kwa mwenyewe. Pia ile Bhool Bhulaiyaa iliyokuwa ikicheza kwenye kompyuta ilikuwa imetafsiriwa. Juu ya sauti za Kihindi kulikuwa na sauti ya Mswahili mmoja anayeigiza wote, mume, mke, mjomba na mzimu, na daktari wa Akshay Kumar alikuwa akiongea kama kondakta wa Mbagala. Ni kazi ileile aliyotuzoesha marehemu na walio hai wa fani hiyo, jina kubwa likiwa Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, na wenzetu wa Uganda wana watu wao kama VJ Jingo. Mtafsiri wa aina hii hafuati neno kwa neno. Anaongeza utani wake, anakata asichokipenda, anamwonya stering kwamba adui yuko nyuma ya mlango.

Kwa maneno mengine, binamu yangu aliyekuwa akilaani marudio alikuwa anaangalia marudio ya marudio: Kimalayalam kikaenda Kihindi, Kihindi kikaja Kiswahili. Na wateja wake hawataki ile isiyotafsiriwa hata ukiwapa bure.

Tuliosoma fasihi simulizi hatupaswi kushangaa. Tumefundishwa kwamba hadithi haikai peke yake. Ina fanani, ina hadhira, na fanani hodari huibadilisha hadithi kadiri ya waliokaa mbele yake. Sungura na fisi wamesimuliwa kuanzia Lamu hadi Kasulu, na kila mahali wanakula chakula cha hapo. Hakuna mjukuu aliyemkatiza bibi yake kumuuliza kama hadithi ni yake. Hata kwenye maandishi mambo ni hayohayo. Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kila aliyewahi kusoma habari za Sherlock Holmes alijua mpelelezi yule na kiko chake wana ndugu London. Shakespeare naye alichukua habari za Juliasi Kaisari kutoka kwa Plutarch, akazifanya mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Waingereza wa wakati wake, na mwaka 1963 Mwalimu Nyerere akautoa mchezo huo kwa Kiswahili. Hatuwaiti hao wezi. Kila mmoja alibeba mzigo kutoka sehemu moja akautua sehemu nyingine, na katika kuutua aliupanga upya.

Sasa nije kwenye filamu iliyonifanya niandike makala hii. Manichitrathazhu ni hadithi ya nyumba kubwa ya zamani yenye chumba kilichofungwa. Zamani bwana wa nyumba hiyo alimleta mwanamke mcheza ngoma kutoka mbali, mwanamke akampenda mtu mwingine, na mambo yakaishia kwenye damu. Miaka mingi baadaye mke wa mmoja wa wanaukoo anafika, anafungua chumba, na polepole anaanza kuwa yule mchezaji. Anavaa kama yeye, anacheza kama yeye, na katikati ya usiku anasema lugha ya yule mchezaji, lugha ambayo watu wa nyumba ile hawakumtegemea kuisema.

Angalia lugha hiyo. Katika filamu ya kwanza, ya Kerala, nyumba inasema Kimalayalam na mchezaji, Nagavalli, ametoka Thanjavur, anasema Kitamil. Mwaka 2004 filamu ikarudiwa kwa Kikannada, ikaitwa Apthamitra, na mchezaji akasema Kitelugu. Mwaka 2005 ikafika kwa Watamil wenyewe kwa jina la Chandramukhi. Hapo asingeweza tena kusema Kitamil na akabaki mgeni, maana hiyo ndiyo lugha ya nyumba, kwa hiyo naye akasema Kitelugu. Mwaka 2007 Priyadarshan akaipeleka kwa watazamaji wa Kihindi. Akaihamishia kwenye jumba la kifalme la kaskazini, mchezaji akapewa jina la Manjulika, akawa Mbengali, na yule mke, aliyechezwa na Vidya Balan, anapopandisha anaimba na kutukana kwa Kibengali.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini kwangu ndiyo kazi yote ya mwongozaji wa marudio. Kila alipofika, mtengenezaji alilazimika kujiuliza swali gumu kuhusu watu wake: katika nyumba yetu, mgeni ni nani? Ni nani tuliyemleta kutoka mbali, tukamfurahia akicheza, tukamfungia, kisha tukasahau jina lake? Swali hilo halina jibu la kukopi. Jibu la Kerala halifai Tamil Nadu. Mtu anayetafsiri maneno tu atakwama hapohapo, na anayeijua jamii yake ndiye atakayelijibu. Ikumbukwe pia kwamba Priyadarshan alikuwa mmoja wa waongozaji waliomsaidia Fazil kupiga filamu ile ya 1993. Alikuwa ndani ya nyumba ilipojengwa. Aliijua misumari ilipo.

Basi nikaanza kujiuliza: filamu hii ikirudiwa Ujiji, Manjulika angesema lugha gani?

Nyumba tunazo. Ujiji ni mji wa misafara. Burton na Speke walifika mwaka 1858 wakaikuta bandari yenye wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871, na hadi leo sanamu zao wawili zimesimama kwenye jumba la makumbusho, watalii wanapiga nazo picha. Pembe za ndovu na watu vilivuka ziwa kutoka ng'ambo, vikapita Ujiji, vikaelekea Tabora na Bagamoyo. Miembe mikubwa ya njia ile bado inatoa embe, na watoto wanaziokota bila kuambiwa lolote. Wengi waliovuka hawakuendelea na safari. Walibaki, wakaolewa, wakalima, wakasilimu, wakawa Ujiji yenyewe. Ndiyo maana Ujiji ina Wamanyema wengi, na ndiyo maana Kiswahili cha wazee wetu kina ladha ya ng'ambo.

Bibi yangu mzaa mama ni Mmanyema. Ukimuuliza habari za ukoo atakutajia majina hadi kwa bibi yake, aliyevuka ziwa akiwa mtoto mdogo. Muulize sasa nani alimvusha, na kwa nini mtoto yule alivuka bila mama yake. Bibi atakuuliza kama umekula. Nimejaribu mara tatu. Mama naye alijaribu kabla yangu. Kwetu chumba hicho hakina kufuli, kina adabu tu, na adabu inafunga kuliko chuma.

Huyo ndiye Manjulika wa Ujiji. Angekuwa msichana aliyevushwa, na katika nyumba inayosema Kiswahili safi cha mwambao angepandisha na kusema Kibembe, au mojawapo ya lugha za Umanyema ambazo wajukuu wake hawazijui tena. Na pale Ujiji, ambako ngoma za mashetani si habari ya sinema, watazamaji wasingehitaji kuelezwa nini kinatokea. Wangenyamaza wote, maana kila mmoja angekuwa anamfikiria bibi yake.

Ndipo nikaelewa kwamba hadithi ya kuazima ina kazi ambayo hadithi ya kwetu wenyewe wakati mwingine haiwezi kuifanya. Hakuna mtu Ujiji atakayekuja kesho na mswada uitwao "Bibi Zetu Walikuwa Watumwa". Atasutwa kabla hajanunua betri za kamera. Lakini mtu anaweza kusema: narudia ile ya Wahindi, ile ya chumba. Watu watakuja kumwona Manjulika. Wakishakaa, watajiona wao.

Narudi kwa binamu, maana hoja yake ya jirani na chakula sijaijibu. Yeye hakukataa kurudia tu, alikataa kupangusa mdomo. Hapo niko upande wake kabisa. Madhu Muttam ndiye aliyeandika Manichitrathazhu. Wangapi kati yetu tuliomwogopa Manjulika usiku tumewahi kulisikia jina hilo? Sisi wanachuo tunalijua jambo hili kwa machungu. Ukipeleka kazi ya semina yenye aya mbili za mtu bila kumtaja, unapata sifuri na barua juu. Ukimtaja, aya zilezile zinakuongezea alama. Maneno hayakubadilika, ila umekiri deni.

Sinema ya dunia imeshajifunza hili kwa njia ngumu. Sergio Leone alichukua Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa, ya mwaka 1961, akatengeneza nayo A Fistful of Dollars mwaka 1964 bila ruhusa. Wajapani wakadai haki yao, na mwisho wakapewa asilimia 15 ya mapato. Filamu ya Leone ni nzuri, nami sitaki ifutwe. Ila uzuri wake haukumfutia deni. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inasema jambo lilelile: kutafsiri na kugeuza kazi ni haki ya mwenye kazi, na anayetaka kufanya hivyo aombe.

Bongo Muvi imepigwa sana kwa fimbo hii. Tangu filamu za Nigeria zilipojaa mitaani miaka ya 2000, lawama imekuwa kwamba watu wetu wanachukua hadithi za Lagos, wanawavisha waigizaji suti, wanaweka jina la Kiingereza na kuuza. Lawama nyingine ni za kweli. Lakini Steven Kanumba, aliyetutoka tarehe 7 Aprili 2012, alituonyesha pia njia nyingine alipowaita Wanigeria waje waigize naye, kama Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Hapo mtazamaji anajua wazi anaazima kwa nani. Tatizo langu na nyingi za filamu za kuiga za wakati ule haliko kwenye hadithi kutoka Lagos. Zilishuka Dar es Salaam na hazikushuka kwenye gari. Jumba lilelile la geti jeusi, bwawa la kuogelea, mama mkwe mkorofi wa Kinigeria anayesema Kiswahili. Swali la Manjulika halikuulizwa: kwetu, mgeni ndani ya nyumba ni nani?

Jambo hili nililiona pia darasani. Kidato cha Tatu niliwapa kazi ya kuandika hadithi fupi ya kubuni, "ya kwako mwenyewe, usikopi". Nikasisitiza hilo. Nilipokusanya madaftari, hadithi nyingi zilikuwa za tajiri wa Dar es Salaam aitwaye Mr. Richard au Brian, mwenye gari jeusi, anayemwacha mkewe kwa ajili ya katibu wake. Wanafunzi wanaolala wakisikia injini za boti za Kibirizi na kuamka kuanika dagaa waliandika habari za mtaa ambao hawajawahi kuuona. Kila mmoja alikuwa amekopi bila kujua kwamba anakopi.

Wiki iliyofuata nikageuza kazi. Chukueni filamu yoyote mnayoipenda, iandikeni kwenye mstari wa kwanza jina lake, halafu ifanyeni itokee hapa Ujiji, mbadilishe kila kitakachokataa kukaa. Msichana mmoja alichukua Titanic. Akaona meli haifai, akaweka boti ya mbao itokayo Kongo usiku, imejaa mafuta ya mawese na watu, na kijana wake alikuwa mpakiaji asiye na karatasi. Mvulana mmoja alichukua Sholay, wale majambazi wa milimani wakawa wanaonyang'anya wavuvi injini majini. Maelezo ya ziwa yalikuwa ya mtu anayelijua ziwa. Upepo ulikuwa na majina. Niliyasoma madaftari yale hadi taa ikazimika. Nilipowadai hadithi yao wenyewe walinipa ya mtu. Nilipowaruhusu kuazima, walinipa yao.

Nisieleweke vibaya. Mtegemezi wa marudio yupo, na Priyadarshan mwenyewe huwa anavuka mpaka. Hungama 2 ya mwaka 2021 aliijenga juu ya Minnaram, filamu yake ya 1994, na wakosoaji waliisema vibaya. Huko anarudia kwa sababu njia anaijua. Hakuna swali jipya aliloliuliza. Hatari ya kazi hii ni hiyo: marudio yanalipa, na kinacholipa kinakuwa mazoea. Lakini wanaomhukumu kwa idadi wasisahau kwamba huyohuyo alitengeneza Kalapani (1996), kuhusu wafungwa wa Kihindi katika gereza la Waingereza visiwani Andaman, na Kanchivaram, kuhusu wafumaji wa hariri, iliyopewa tuzo ya taifa ya filamu bora ya India ya mwaka 2007. Mwongozaji mmoja anaweza kuwa fundi Jumatatu na mvivu Jumanne. Tumhukumu kwa filamu moja moja.

Na sisi wa ziwa tuna sababu yetu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Hadithi zetu zimesharudiwa na wengine bila kutuuliza. Mwaka 1939 Wamarekani walitengeneza Stanley and Livingstone, iliyoongozwa na Henry King, na Ujiji ikawa mandhari ya wazungu wawili kupeana mikono. Meli yetu ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, inahesabiwa kuwa ndiyo iliyompa C. S. Forester wazo la manowari ya Wajerumani katika riwaya yake ya The African Queen, na John Huston akaifanya filamu mwaka 1951. Filamu hiyo ilipigwa Uganda, Kongo na studio za Uingereza. Ziwa Tanganyika lenyewe halikuonekana. Mtu akisema vijana wa Kigoma wasirudie filamu za watu, namuuliza: na hizo walizotengeneza juu yetu, nani atazirudia kutoka upande wa waliobeba mizigo?

Nina ombi moja kwa wizara ya burudani ya serikali yetu ya wanafunzi. Kila muhula tunaonyeshwa filamu ukumbini, tunapiga kelele, tunaondoka. Muhula ujao tufanye shindano la filamu fupi za simu, dakika kumi, na kila moja iwe marudio. Masharti yawe mawili tu. Jina la kazi ya asili na la mwandishi wake liandikwe mwanzoni, kabla ya jina la anayeirudia. Na itokee nyumbani kwa mshiriki, Newala, Karagwe, Pemba, popote, huku mgeni wa hadithi akisema lugha ambayo nyumba ile imejifanya haiijui.

Mimi yangu nimeshaanza kuiandika. Chumba ninacho na mwembe ninao. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kunifundisha Kibembe cha kutosha ukurasa mmoja. Bibi nimemwambia ninamtafuta mtu huyo. Hakuniuliza kama nimekula. Aliniuliza ukurasa huo utasema nini.